Mibuni yako: upime udongo au majani?

Kabla ya kupanda, pima udongo. Ndio unaoonyesha pH, yaani kiwango cha tindikali, na pH ikiwa chini ya 5.5 chokaa huchanganywa mapema, kwani miche ikishapandwa ni vigumu kuifikisha chokaa hiyo chini. Kipimo cha jani hakionyeshi pH.

Chota sehemu 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya, kisha peleka nusu kilo iliyokauka kivulini. Tumia ndoo ya plastiki. Ya bati ina zinki, nayo huchafua majibu. Ruka kichuguu, njia ya miguu na palipolundikwa samadi. Shamba lenye mteremko hutoa sampuli mbili, ya juu na ya bondeni. Wengi huchanganya zote, wakapata wastani usiofaa popote.

Kwa mibuni inayozaa, kipimo cha majani kinakufaa zaidi: udongo unaweza kuwa na potasiamu ya kutosha lakini mizizi ikashindwa kuifyonza kwa sababu ya ukame au minyoo fundo, yaani minyoo midogo inayoshambulia mizizi. Chuma jozi ya tatu au ya nne kutoka ncha ya tawi, asubuhi, kwenye miti mingi. Weka kwenye mfuko wa karatasi. Ndani ya nailoni yataoza njiani. Kama umepulizia dawa ya kopa (shaba) hivi karibuni, usiamini kipimo cha kopa.

Mibuni ikigeuka njano bila sababu inayoonekana, lipia vipimo vyote viwili, ukichukua majani na udongo kwenye miti ileile.