Mpira wa kutikisa wa kutolea mafuta: unafaa, ila si pale unapoonyeshwa kwenye boksi

Pale Kariakoo ukisema unataka mpira wa kutolea mafuta, ule wa kutikisa, muuzaji anakuelewa. Ni mpira unaoonyesha ndani, urefu wake karibu mita mbili, na ncha moja ina kichwa cha shaba chenye gololi ya kioo. Wangu niliuchukua kwa Sh 15,000. Mimi ni fundi wa magari madogo, na kazi ya kubadilisha pampu ya mafuta haikauki gerejini kwangu, kwa sababu madereva wengi wa hapa mjini wanaishi na taa ya mafuta ikiwaka. Pampu inakaa ndani ya tenki na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Wewe endelea kuweka ya elfu tano tano, tutaonana.

Matumizi yake ni rahisi. Unazamisha kichwa cha shaba kwenye petroli, ncha ya pili unaitia kwenye dumu lililowekwa chini kuliko tenki, kisha unatikisa kichwa juu na chini, haraka haraka, kikiwa humo humo kwenye mafuta. Kikishuka, gololi inaachia na mafuta yanaingia; kikipanda, gololi inakaa na kuziba yasirudi. Ukitikisa kidogo unayaona yanapanda mpira, yanavuka kilele, yanaanza kushuka yenyewe. Hapo umemaliza kazi. Dumu la lita 20 linajaa ndani ya dakika chache, na ukitaka kusimamisha unainua kichwa kitoke kwenye mafuta.

Sasa lawama yangu. Kwenye boksi kuna picha ya mtu kauchomeka mpira pale pa kujazia mafuta, anatabasamu. Magari mengi ya siku hizi yana kilango au wavu kwenye hilo bomba, na bomba lenyewe lina kona. Kichwa cha shaba ni kinene, hakipiti. Kikilazimishwa kikapita, kinaweza kunasa nyuma ya kilango kikagoma kutoka. Hata kikifika, utatikisaje kitu kilichojikunja kwenye kona? Aliyechora ile picha hajawahi kutoa mafuta kwenye gari.

Mahali pake ni juu ya tenki. Chukua Toyota IST: unang'oa siti ya nyuma, chini yake kuna kifuniko, na pampu iko hapo hapo. Ukishapunguza presha ya mafuta kwenye bomba, ukatoa waya hasi wa betri na kuinyanyua pampu, unabaki na tundu pana linalotazama juu. Kichwa kinashuka wima na mkono una nafasi ya kutikisa. Tenki la IST ya toleo la kwanza ni lita 45, kwa hiyo likiwa limejaa andaa madumu matatu. Likiwa robo usijisumbue, toa pampu weka nyingine.

Kwenye magari ambayo lazima tenki zima lishushwe, hapo kutoa mafuta si hiari. Lita 45 za petroli ni zaidi ya kilo 30, zinacheza huku na huku, na wewe umelala chini yake. Ila ndiyo magari yenyewe ambayo mpira huu unasumbua, maana tundu la juu hulifikii kabla hujashusha. Kwa hayo natumia pampu ya mkono yenye mpira mwembamba. Land Cruiser za zamani zina nati ya kutolea chini ya tenki, wenye nazo wanapumua.

Subaru Forester nayo ina mambo yake. Tenki limekaa juu ya shafti kama matandiko juu ya punda, mafuta yako kushoto na kulia. Ukimaliza upande wa pampu usidhani tenki limekauka, fungua na kifuniko cha upande wa pili utikise tena. Na popote pale mpira unaacha mafuta kidogo chini, kichwa hakifiki sakafuni kabisa. Hayo namalizia kwa kitambaa.

Faida ambayo sikuitegemea ni kwa mteja. Kila mteja anaamini fundi anamuibia mafuta (wengine wana sababu, sikatai). Mpira unaoonyesha na dumu lenye alama za lita vinamaliza ubishi: anaona kilichotoka, na anaona uchafu na maji yaliyomuulia pampu. Wakati wa kurudisha nachuja.

Vijana wangu nimewapiga marufuku kunyonya kwa mdomo. Ukipaliwa na petroli inaingia mapafuni, na yale maziwa tunayokimbilia kumpa mtu hayaendi mapafuni. Wala usimtapishe, mpeleke hospitali. Na mama lishe jirani akiwa na jiko la mkaa, sogeza gari wewe kabla hujafungua kitu, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwa chini mpaka ulipo moto.

Nautia nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya klempu inayobana mpira kwenye kichwa: ile iliyokuja nao ni laini, ilichomoka kazi ikiendelea, nikaweka ya chuma ya kukaza kwa bisibisi. Usiuhifadhi una mafuta ndani, mpira unakakamaa na kuwa wa njano, huoni tena kinachopita. Ukienda kununua, tikisa kichwa karibu na sikio. Gololi isipogonga, mrudishie mwenyewe akupe mwingine.