Akriliki ao rangi ya mafuta, kwa joka ya shindano letu

Bon, sisi marafiki wa hapa Goma tumejipangia kashindano kadogo, zawadi hakuna, kila mtu anapaka rangi sanamu moja ya milimita 28 na tema ni moto wa mulima, kwa hiyo wengi tumekimbilia joka. Sasa swali njo hii: akriliki ao rangi ya mafuta?

Akriliki unachanganya na maji tu, inakauka dakika chache, ukikosea unapitisha ingine juu, burashi unaosha na sabuni basi. Lakini ile haraka yake njo shida pia, juu ukitaka nyekundu iingie polepole mu njano kama lava ya Nyiragongo, ule mulima wa moto wa kwetu, usiku, mbele umalize inakuwa imekauka na mstari mubaya unabakia, inabidi upake tabaka nyembamba nyembamba mpaka mkono uchoke.

Ya mafuta inabakia laini masaa mengi, unachezea rangi mbili mpaka zinaungana zenyewe, tamu kweli! Ila inaomba terebentini (dawa ya maji ya kulainisha rangi na kuosha burashi), harufu inajaa nyumba mpaka mama anakufukuza inje, kukauka ni siku kadhaa, na hii vumbi nyeusi ya kwetu inashikaka juu (joka yangu ya kwanza ilipata ndevu).

Mi natumia zote: akriliki chini, ikauke vizuri, kisha mafuta kidogo ku mabawa na tumbo. Usigeuze, akriliki juu ya mafuta haishike. Kama shindano ni kesho, mafuta usiguse hata. Na ya kusimamishia joka usinunue, okota kajiwe ka lava barabarani.