Sarafu za Kale za Fedha za Afrika Mashariki: Zipi za Kuanza Nazo kwa Bajeti Ndogo

Muuzaji wa sarafu za kale hupenda kuanza na umri wa sarafu, kwa kuwa umri ni sifa inayovutia ambayo mnunuzi mgeni hana namna ya kuihakiki akiwa amesimama mbele ya meza. Uzito, kiwango cha madini na hali ya sarafu ni mambo yanayoweza kupimwa papo hapo, na hayo ndiyo ya kulipiwa. Kwa sababu hiyo, mpangilio ufuatao umetumia kigezo kimoja: ni kwa urahisi gani mtu asiye na uzoefu anaweza kuthibitisha anacholipia, na akikosea atapoteza kiasi gani.

Nafasi ya kwanza naipa shilingi ya simba, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1921. Ina uzito wa gramu 7.78 na kipenyo cha karibu milimita 28, lakini madini ya fedha yaliyomo ni robo tu, yaani gramu 1.94, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni shaba. Wapo watakaoidharau kwa sababu hiyo. Mimi naona udhaifu huo ndio kinga yake, kwani hakuna anayehangaika kughushi sarafu isiyo na faida ya kughushi, na hivyo bei yake hubaki ndani ya uwezo wa mwalimu au karani. Aidha, mkusanyaji anaweza kweli kuukamilisha mfululizo wake, au angalau kuukaribia. Miaka ya Mfalme George wa Tano ni 1921 hadi 1925. Ya George wa Sita ni 1937, kisha 1941 hadi 1946, na katika hiyo utaona herufi ndogo za viwanda vilivyozitengeneza: H kwa Birmingham, I kwa Bombay, SA kwa Pretoria. Ile ya 1943 ni adimu mno, na haifai kumnyima usingizi mtu wa kipato cha kawaida.

Mtego wake ni mmoja. Kuanzia mwaka 1948 simba alibaki palepale, mbele ya milima ileile, lakini madini yakabadilishwa kuwa shaba na nikeli bila chembe ya fedha. Soma mwaka kabla ya kuuliza bei. Kwa kuwa sarafu hizi zilichoka sana mifukoni, subiri upate yenye manyoya ya shingo ya simba yanayoonekana waziwazi. Moja ya namna hiyo ni bora kuliko kumi zilizosagika.

Nafasi ya pili ni rupia ya India, ambayo kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa pesa ya kawaida katika pwani yetu na bara, hadi Waingereza walipoiondoa kuanzia mwaka 1920. Hapa unanunua fedha halisi: gramu 11.66 kwa kiwango cha 917 kwa elfu, sawa na takriban gramu 10.7 za fedha safi. Chagua za Malkia Victoria, Edward wa Saba au George wa Tano. Za George wa Sita za mwaka 1940 hadi 1945 zilipunguzwa zikawa nusu fedha, na za 1946 na 1947 ni nikeli tupu. Anayependa visa atafute ya mwaka 1911: tembo aliyechongwa kwenye vazi la mfalme alionekana kama nguruwe kwa ufupi wa mkonga wake, Waislamu wakakasirika, na mwaka uliofuata mchoro ukarekebishwa.

Kwa kuwa rupia zinaghushiwa, ni lazima uwe na mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu za mia za gramu. Rupia iliyochakaa inaweza kushuka kidogo chini ya 11.66, lakini ikishuka chini ya 11, iache. Kisha fanya kipimo cha maji: weka kikombe chenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, na uizamishe sarafu ikining'inia kwa uzi bila kugusa kikombe popote. Rupia ya kweli itasoma karibu gramu 1.13, ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itasoma takriban 1.3. Muuzaji anayekataa kipimo hiki amekwisha kukujibu.

Mizani hiyohiyo itakusaidia kwa nafasi ya tatu, rupia ya Wajerumani, iliyopewa uzito na kiwango kilekile ili izunguke pamoja na ile ya India. Za kampuni ya kikoloni, zilizoanza mwaka 1890, zina Kaisari Wilhelm mwenye kofia yenye ndege tai juu yake upande mmoja, na simba na mnazi upande wa pili. Za serikali, kuanzia 1904 hadi 1914, zina herufi A ya Berlin au J ya Hamburg. Kwa uzuri zingekuwa za kwanza. Nimezishusha kwa sababu jina la Ujerumani huongeza bei kuliko madini yaliyomo, na bei inapopanda waghushi nao huongezeka. Mwenye bajeti ndogo aanze na nusu au robo rupia. Aangalie ukingo wa juu, kwani nyingi ziliwahi kuwa vidani: tundu lililozibwa au alama ya lehemu huishusha sarafu hadi bei ya madini tu.

Reale ya Maria Theresa, yenye sura ya mtawala huyo wa Austria, naiweka ya mwisho, ingawa ndiyo kubwa kuliko zote, ikiwa na gramu 28.07, na humo fedha safi gramu 23.4. Zote zina mwaka 1780, hata zinazotengenezwa Vienna siku hizi, kwa hiyo tarehe yake haithibitishi chochote. Inunue kwa thamani ya fedha iliyomo na usiongeze hata senti kwa hadithi ya muuzaji kwamba ni ya Zanzibar ya kale. Angalia ukingoni maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA; yakiwa yamefifia huku uso ukiwa mpya, kuna jambo.

Riali ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1882 na rupia ya Mombasa ya 1888 si za bajeti hii, na ukiuziwa mojawapo kwa bei ya kutupa, jua si yenyewe.

Baada ya kununua, usisugue sarafu kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno, kwa kuwa mnunuzi wa baadaye atauona mng'ao huo kama jeraha. Na walioko Kenya wakumbuke kwamba sheria ya makumbusho ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa cha kale, hivyo rupia ya Victoria isitiwe ndani ya begi la safari ya nje kabla ya kuulizia kibali Makumbusho ya Taifa.