Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma: kabla hujakata tiketi

Uwanja huu wa CCM ndio uliobeba fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania, Julai 25, 2021, Simba ikiifunga Yanga 1-0. Mzunguko, yaani majukwaa ya kawaida, hauna paa. Ukikaa upande wa mashariki, jua la saa kumi linakupiga usoni hadi filimbi ya mwisho, kwa hiyo beba kofia. Msimu wa mvua chukua koti. Mwavuli utakugombanisha na wa nyuma.

Ukarabati je, nani anaamua? Kwingine huulizwa wananchi. Aprili 2024 wapiga kura wa Jackson County, Marekani, waliulizwa kama walipe kodi ya mauzo ya senti 3/8 kwa kila dola, miaka 40, kwa viwanja vya timu za Royals (besiboli) na Chiefs (futiboli ya Kimarekani). Asilimia 58 hivi walikataa. Huku Kigoma hupigi kura; mwenye uwanja ni chama cha CCM, malalamiko ya nyasi mpelekee yeye, si halmashauri.