Kitufe cha "Endelea" kisichosema kinataka nini

Programu hii ya bima ya safari nimeitumia kwa muda, na kwa mengi inaniridhisha. Inafunguka haraka, na mtandao ukikatika nilichoandika hakipotei. Kinachonikera ni kitufe cha "Endelea".

Kinakaa chini ya fomu kikiwa kijivu, kimezimwa, mpaka kila kisanduku kijazwe sawasawa. Sawasawa vipi, hakisemi. Nilijaza jina, tarehe, anwani na namba ya simu, kitufe kikabaki vilevile. Nikabofya, kimya. Nikaanza kukagua kisanduku kimoja kimoja hadi nikagundua kwamba namba ya simu haitakiwi kuwa na nafasi kati ya tarakimu. Kitufe kingekuwa hai, ningebofya mara moja nikaambiwa palepale, kando ya kisanduku chenyewe: "Andika namba bila kuacha nafasi." Kwa kukizima, wamenifungia mlango wa kuuliza.

Anayetumia kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini, anaumia zaidi. Kitufe kilichozimwa kwa sifa ya "disabled" ya HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, hurukwa ukibonyeza Tab kwenye kibodi ili kusogea mbele, kwa hiyo asiyeona anaweza kufika mwisho wa fomu asijue kama kuna kitufe. Ipo sifa nyingine, "aria-disabled", inayotangaza kwamba kitufe hakitumiki kwa sasa lakini bado kinafikika. Kuzuia kubofya kunabaki kazi ya mwandika programu. Si kazi kubwa.

Halafu rangi. Miongozo ya WCAG, ya kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia wavuti, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5:1, ila vitufe vilivyozimwa imevisamehe. Hawa wameutumia msamaha huo wote: nikiwa juani siyaoni kabisa maandishi ya kitufe.

Kwenye malipo wamepatia. Ukibofya "Lipa", kitufe kinazimika papo hapo na maandishi yake yanageuka kuwa "Malipo yanashughulikiwa", hivyo huwezi kulipa mara mbili. Sababu unaiona, na unajua kitafunguka. Hata kisanduku cha barua pepe, kilichofungwa, kina maelezo chini yake kwamba anwani haibadilishwi ikishathibitishwa. Kumbe wanajua kueleza wakitaka!

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Fomu ya kudai fidia ina kitufe kilekile cha kijivu, na anayeifungua huenda amepotelewa na mizigo au amelazwa ugenini. Nawaomba waanze kurekebisha hiyo.