Darasa la kucheza Kisasa: pumzi na mizani nimepata, unyumbufu bado nadai

Kwa miezi minne sasa nimehudhuria darasa la kucheza linalofanyika katika ukumbi wa kukodi eneo la Kisasa, jijini Dodoma, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia saa 12 jioni, kwa ada ya shilingi 5,000 kwa kipindi. Nilijiunga baada ya ngazi za ofisini Mtumba kunifikisha mahali pa kusimama katikati na kujifanya nasoma simu, ilhali nilikuwa natafuta pumzi. Tangazo la darasa liliahidi pumzi, mizani ya mwili na unyumbufu wa viungo, kwa hiyo ni haki kulipima kwa ahadi zake lenyewe.

Katika pumzi sina malalamiko. Kasi hupandishwa polepole hadi mtu aweze kuzungumza lakini ashindwe kuimba, na hicho ndicho kipimo rahisi cha zoezi la wastani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za zoezi la namna hiyo kwa wiki. Vipindi vitatu vyenye takribani dakika 40 za kucheza hunipa 120, na zilizobaki nazimalizia kwa kutembea hadi kituo cha daladala. Ngazi sasa nazipanda bila simu.

Darasa hili linang'ara hasa katika mizani. Mwalimu huanza kwa mapigo ya muheme, zile ngoma ambazo wanawake wa Kigogo huzipiga wakiwa wamezibana mapajani, na hatua zake zinadai mguu mmoja ubebe mwili wote huku mabega yakitikisika na kichwa kikigeuka. Mtu husimama wima kwa kutegemea macho, sikio la ndani na taarifa ambazo misuli na viungo hupeleka kwenye ubongo, na hatua hizo huvifanyisha kazi vyote kwa pamoja. Juma la kwanza niliinama kutazama viatu vyangu muda wote, hadi mwalimu akaniambia, "Baba, iache hiyo miguu, haitakukimbia." Pembeni yangu hucheza bibi mmoja aliyestaafu, ambaye hutusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akiingia, kisha husimama kwa mguu mmoja kwa utulivu ambao mimi, niliye mdogo kwake kwa miaka mingi, bado nautamani. Hata hivyo, siku hizi navaa soksi nikiwa nimesimama, bila kushika ukuta.

Unyumbufu ndio deni. Kwaya inayotutangulia ukumbini huchelewa kutoka, nasi huanza robo saa baadaye, na kinachokatwa kila mara ni kunyoosha viungo mwishoni, wakati ambapo misuli ina joto na iko tayari kuvutika. Mkao mmoja unahitaji kushikiliwa kwa sekunde 10 hadi 30. Sisi huhesabu hadi tano na kupiga makofi. Nilipolalamika nilijibiwa kwamba tunyooshe nyumbani, lakini hadi bajaji ifike Ipagala mwili umeshapoa. Vidole vyangu bado vinaishia katikati ya muundi ninapoinama.

Sakafu nayo ni ya vigae, ngumu kwa magoti na yenye utelezi pale jasho linapokutana na vumbi la kipindi cha upepo, kwa hiyo njoo na raba zenye soli nzuri. Mwenye magoti mabovu aseme mapema, kwa kuwa mwalimu hubadilisha miruko kuwa hatua za chini bila kumwaibisha mtu, jambo ambalo sikulikuta katika jimu niliyojaribu kabla.

Nimelipia mwezi wangu wa tano. Mkeka nabeba mwenyewe, na wenzangu wanapoondoka hubaki dakika kumi nikinyoosha mapaja na nyonga, hadi mlinzi aanze kuzima taa moja baada ya nyingine.