Neligani ya F50: kelele na teke lake, anza na presha kabla ya sailensa

Habari zenu mafundi, karibuni tena. Leo mezani tuna neligani ya F50, yaani bunduki ya hewa ya kupigilia misumari, hii ndogo ya misumari ya milimita 15 hadi 50. Ukipita karakana za Ndeeba au Nsambya, Kampala, utaisikia kabla ya kuiona. Pembeni nimepanga vitu vinne ambavyo muuzaji atakuambia vinatuliza kelele na teke, yaani ule mruko wa mashine ikipiga: sailensa ya shaba ya kupunguza mlio wa hewa, regyuleta ndogo ya kurekebisha presha yenye geji, mpira mpana wa kupitisha hewa kutoka kompresa, na bampa mpya, ile raba ya ndani inayopokea pigo la pistoni. Niseme mapema, sailensa ndiyo inayopigiwa debe zaidi, na ndiyo ningeiacha dukani.

Kelele yenyewe ina vyanzo vitatu. Ukibonyeza triga, vali ya kichwani inafunguka, hewa inaingia juu ya pistoni, na kigongeo kinashuka kupiga msumari. Huo ni mlio wa kwanza. Pistoni ikifika mwisho wa safari inagonga bampa, huo wa pili. Ukiachia triga, hewa iliyokuwa juu ya pistoni inafyatuka nje kupitia tundu la kichwani, na ndiyo ile pshaa inayokupiga usoni. Sailensa inashughulika na huo wa tatu peke yake. Milio miwili ya mwanzo, pamoja na teke, inategemea nguvu uliyoilisha mashine.

Basi tuanze na regyuleta. Ifunge kwenye mpini wa neligani, siyo kule kwenye kompresa, uzi wa robo inchi, tepu nyeupe mizunguko mitatu. Sababu ni hii: geji ya kompresa inasoma presha ya hewa iliyotulia. Ukianza kupiga mfululizo, mpira mwembamba wenye viungo vingi unashindwa kupitisha hewa ya kutosha. Fundi anaona misumari inabaki nje, anapandisha kompresa hadi baa 8 (baa ni kipimo cha presha). Matokeo yake, msumari wa kwanza unazama hadi kutoboa plaiwudi, bunduki inaruka, na wa sita bado unachungulia. Banange, hapo kosa ni la mpira, presha inasingiziwa tu. Weka mpira wenye tundu la ndani la milimita 8 au 10, na utoe viungio vya njiani visivyo na kazi.

Sasa kupima. Chukua kipande cha mbao ileile utakayoifanyia kazi, maana painsi na mvule hazilingani hata kidogo. Anza baa 4, piga. Panda kidogo kidogo, kama baa 0.3 kila mara, mpaka kichwa cha msumari kizame milimita moja chini ya uso. Simama hapo. Kisha piga mitano ya harakaharaka: wa tano ukizama sawa na wa kwanza, umemaliza. Kutoka baa 7 hadi 5, nguvu inayosukuma pistoni inapungua kwa zaidi ya robo, na hewa inayotoka nje kila pigo inapungua vilevile. Bampa, sikio na kiwiko vyote vinapumua.

Kama yako ina gurudumu la kurekebisha kina, usilitegemee kupunguza kelele. Linarefusha au kufupisha pua tu. Nguvu inabaki ileile, na ile isiyotumika na msumari inaishia kwenye bampa.

Turudi kwenye sailensa. Hizi za shaba ya chembechembe zimetengenezwa kwa ajili ya matundu ya vali za hewa, yenye uzi wake. Kichwa cha F50 hakina uzi huo, kwa hiyo watu wanatoboa na kulazimisha. Inapunguza mlio, sikatai. Tatizo linakuja baadaye: mafuta na vumbi la mbao vinaziba chembe zile, hewa inachelewa kutoka, na pistoni inachelewa kupanda. Kigongeo kikibaki chini, msumari unaofuata haupati nafasi ya kuingia, unapiga hewa tupu au inakwama. Usizibe tundu kwa kitambaa pia, ugonjwa ni uleule. Geuza kile kifuniko cha kutolea hewa kisikuelekee, na kama ndani kina sponji, ioshe kwa sabuni na uikaushe.

Teke lina mambo mengine mawili. F50 ina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na chombo chepesi hurushwa zaidi kwa pigo lilelile. Pili, mbao inayoyumba. Ukipigilia fito isiyo na kitu nyuma yake, inarudi nyuma, pua inaachana nayo, na msumari unabaki nje. Egemeza gogo zito nyuma. Na kwenye neligani kubwa zenye kufyatua kwa kugusa, yaani zinazopiga kila pua inapogusa mbao, ukishikilia triga, mruko wenyewe unaweza kuirudisha pua kwenye mbao na kutoa msumari wa pili usioutaka. Chagua triga ya hatua kwa hatua, ile inayotaka ukandamize pua kwanza ndipo ubonyeze triga kwa kila msumari, na mkono mwingine uwe sentimita 30 mbali na pua.

Bampa sasa. Dalili za kuchakaa: mlio umegeuka wa chuma kwa chuma, au kigongeo kinatokeza puani kuliko zamani. Chomoa hewa, toa misumari, fungua skrubu nne za kichwa kwa aleni kii, vuta silinda. Bampa iko chini kabisa. Ikiwa na nyufa au imekuwa ngumu, badilisha, ukichelewa pistoni itapasua bodi. Rudisha skrubu kwa mshazari. Matone mawili au matatu ya mafuta ya vifaa vya hewa kila asubuhi. Ya injini yanaweza kuharibu oringi, zile pete za mpira za kuzuia hewa kuvuja. Maji ya tangi yamwage kila jioni.

Kinga za masikio zinabaki palepale. Mwongozo wa NIOSH na OSHA, taasisi za Marekani za afya na usalama kazini, wa 2011, unataja vilele vya desibeli 109 hadi 136 kwa neligani mbalimbali, na chini ya mabati sauti inarudi tena kwako. Kompresa itoe nje ya ukuta, kwenye kivuli, ila usiifungie ndani ya sanduku lisilo na hewa, itachemka.